Pasi ya Kwenda Lodwar

Harufu ya mafuta ya simsim yakipashwa moto hunitia hasira mpaka leo. Wengine wakiisikia humeza mate, wakakumbuka mapishi ya mama zao. Mimi hushika sikio la kushoto. Mama yangu alikuwa akiyapasha kwenye kijiko juu ya jiko la makaa, anayajaribu kwa ncha ya kidole, kisha ananilaza pajani na kunidondoshea tone moja moja, nami nasikia ndani ya kichwa mvumo kama wa sufuria inayokaribia kuchemka. Tulikuwa Kakuma, ndani ya kambi ya wakimbizi, katika nyumba ya matofali ya udongo na paa la mabati. Sikio langu lilikuwa likitoa usaha tangu upepo wa vumbi ulipoanza, na lilinuka. Shuleni watoto walihama benchi langu, nikajifanya napenda kukaa peke yangu.

Msimu huohuo timu ya taifa ya Kenya ya raga, ile ya wachezaji saba, ilifika nusu fainali ya mashindano makubwa huko ng'ambo. Ninyi mliokuwa watoto wakati mmoja nami mnakumbuka. Mnakumbuka bendera zilizofungwa kwenye pikipiki, na watu wazima ambao hawajawahi kushika mpira ule wa umbo la yai wakibishana habari zake kwenye foleni ya maji. Nami nakumbuka. Ila mkianza kusimulia jinsi ilivyokuwa siku njema, jinsi nchi nzima ilivyokuwa kitu kimoja, mimi huinuka nikaenda kuosha vikombe. Leo sitainuka.

Kaka yangu Ajang ndiye aliyeleta raga nyumbani kwetu. Alizaliwa Kakuma, kama mimi. Sudan Kusini tuliijua kutoka midomoni mwa wakubwa tu. Alipata mfadhili akasoma sekondari Lodwar, na huko mwalimu mmoja alipoona urefu wake na miguu yake akamtia kwenye timu ya shule. Alirudi na mpira uliochunika ngozi na rafiki mmoja, Ekai, kijana Mturkana ambaye kwao ni Kakuma mjini, ng'ambo tu ya mto. Jioni wawili hao waliwafundisha vijana wa kambini na wa mjini pamoja, kwenye mchanga wa mto Tarach wakati umekauka, bila viatu, magoli yakiwa ni vijiti vya miiba. Walipotafutwa vijana wa kwenda kujaribiwa Nairobi, waliulizwa vitambulisho. Ekai alikuwa nacho. Alikwenda, akarudi baada ya muda mfupi akisema huko kuna baridi mbaya. Ajang hakumuuliza zaidi, na jioni walikuwa mchangani tena.

Basi wiki ile ya kungoja nusu fainali, ukumbi wa video wa Papa Bahati ulikuwa unajaa tangu asubuhi, ingawa hakukuwa na lolote la kutazama. Papa Bahati alikuwa Mkongomani mnene aliyependa mpira wa miguu, na raga alikuwa haielewi, lakini hofu ya wenzake ilimwingia kama homa. Watu walikaa kwenye mbao zake wakihesabu majeruhi. Yule winga wetu mwenye mbio, paja lake limevutika, je, atacheza? Kocha amemwacha nje mkongwe fulani, ana wazimu? Wapinzani walikuwa wametoka visiwa vya mbali ambavyo hakuna aliyeweza kuvionyesha kwenye ramani, kwa hiyo waliitwa tu wale wa visiwani. Mimi visiwa nilivyovijua vilikuwa vile vya Ziwa Turkana, alikotoka samaki mkavu aliyeuzwa sokoni, nikashangaa wavuvi wa Longech, huko ziwani, wamekuwa wakali lini.

"Bale batu beko na nguvu sana," alisema Papa Bahati, akijifuta jasho. "Miye naogopa, kweli kabisa."

"Nguvu si kitu," Ajang alimjibu. "Shida ni ule mpira wa kuanzisha. Wakiudaka wao kila mara, sisi tutakuwa tunakimbiza upepo. Tukiudaka sisi, watachoka."

"Na tukifungwa?" mtu mmoja aliuliza.

"Hii ni mtoano. Tukifungwa tunatoka, tunarudi nyumbani. Hakuna kesho."

Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikageuka kama niliyechomwa na mwiba. Wakati ule pale kambini hapakuwa na habari nyingine. Kwenye bomba la maji, kanisani, kwenye foleni ya kuni, wakubwa walinong'ona kwamba kambi itafungwa, kwamba tutatolewa, kwamba tutarudishwa nyumbani tukipenda tusipende. Na mama kila Ajang alipovuka mto bila karatasi alimfokea: utafungwa wewe, utafungwa! Sasa nikamsikia kaka yangu mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, akieleza utaratibu wote. Tukifungwa, tunatoka, tunarudi nyumbani. Nikaelewa kwamba serikali imekata shauri. Haya yote yatategemea mechi. Wale vijana saba wakishindwa, sisi tutapandishwa malori.

Sikumwuliza mtu. Mtoto akishaelewa jambo kubwa namna ile haulizi, anaanza kulifanyia kazi. Niliombea paja la yule winga kila jioni. Niliacha kumtupia mawe mbuzi wa jirani. Na kila mtu mzima aliyesema "tutafungwa tu, hawa vijana wetu hawana pumzi" nilimchukia kwa moyo wote, maana niliona anatuuza.

Siku ya mechi ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo madaktari wa masikio kutoka Nairobi walikuwa wanamaliza kazi katika hospitali ya Lodwar. Mama alikuwa amehangaika kwa miezi kunipatia nafasi. Mkimbizi hatoki kambini kama unavyotoka wewe nyumbani kwako. Anahitaji pasi, karatasi yenye mhuri inayosema anakwenda wapi, kwa nini, na atarudi lini. Pasi yangu ilitoka Ijumaa, yenye jina langu na la Ajang kama mtu wa kunisindikiza, kwa sababu mama alikuwa na zamu ya kuchukua chakula cha mgawo na zamu hiyo ukiikosa mnalala njaa.

Ajang aliisoma pasi ile mara mbili, kisha akacheka. "Achol," aliniambia, "asubuhi daktari anakutazama, alasiri tunakwenda kwa mwalimu wangu. Ana televisheni. Timu nzima ya shule itakuwa pale. Utaona mechi yako ya kwanza."

Mama aliacha kupepeta mtama. "Sikio kwanza."

"Sikio kwanza, mama. Kwani nimesema nini?"

Nasisitiza hili kwa sababu baadaye kuna watu, hata wa ukoo wetu, waliosema Ajang alinipeleka Lodwar kwa ajili ya mpira. Ni uongo. Aliniamsha kabla ya jua, akaniosha sikio kwa maji ya uvuguvugu, akaziba kwa pamba safi, akafunga kadi ya kliniki na pasi ndani ya mfuko wa plastiki ili jasho lisiziloweshe. Hivyo ndivyo alivyotoka nyumbani.

Ekai alitungoja barabarani na gari dogo la abiria lililokuwa linaelekea Lodwar. "Ejok, Achol," alinisalimia akiinama. "Sikio iko aje?"

"Linauma."

"Leo inaisha hiyo. Daktari akitoa uchafu, utasikia mpaka ngamia ya kule mbali Nakalale ikikohoa."

Ndani ya gari dereva naye alikuwa na homa ya mechi, na abiria wote pia. Kila mmoja alikuwa na kikosi chake kichwani. Mama mmoja aliyebeba kuku alisema ameota bendera imeraruka, wakamnyamazisha wote kwa pamoja. Ajang aliongea kuliko nilivyowahi kumsikia, akionyesha kwa mikono jinsi mpira unavyotoka pembeni, na macho yake yaling'aa. Nilijibana baina yake na Ekai, nikahesabu kwamba gari zima liko upande wetu, nikapata nguvu kidogo.

Kwenye kizuizi cha polisi tulisimama. Askari aliyekuja dirishani alikuwa kijana mwenye tabasamu, na chini ya koti lake la kazi kola ya jezi ya timu ilikuwa inachungulia. Aliwasikia wakibishana.

"Ninyi mnasemaje, tunashinda leo?" aliuliza.

"Tunashinda, afande," alijibu Ajang, "kama yule winga atacheza."

"Anacheza! Nimeona asubuhi kwa simu. Amefunga paja lakini anacheza."

Gari lilipiga kelele. Ajang alitoa mkono nje ya dirisha, askari akaugonga kwa mkono wake. Walizungumza pale huku kiwiko cha askari kiko mlangoni, kama watu waliosoma darasa moja. Askari aliogopa mpira wa kuanzisha. Ajang akamwambia hata yeye. Askari akauliza ataitazamia wapi.

"Lodwar, afande. Kwa mwalimu wetu."

"Una bahati. Sisi tutabanana hapa na simu moja." Kisha, akiwa bado anatabasamu, akanyoosha kiganja. "Haya, vitambulisho, nifunge kazi."

Ekai akatoa chake. Dereva chake. Yule mama wa kuku akatafuta kifuani. Ajang akafungua mfuko wa plastiki na kutoa pasi.

Nimeishi na sura ile miaka yote hii. Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki mahali pake bila kazi, kama kitu kilichosahaulika mezani, halafu ndipo likaanguka. Alisoma pasi. Akamtazama Ajang juu mpaka chini, kana kwamba urefu ule alikuwa hajauona.

"Kumbe wewe ni wa kambini."

"Ndiyo, afande."

"Hapa imeandikwa hospitali."

"Ndiyo. Ni huyu dada yangu, sikio lake..."

"Wewe umeniambia kwa mdomo wako unaenda kuangalia mechi. Si umeniambia? Abiria wote wamesikia. Sasa hii karatasi ni ya uongo. Umedanganya ofisi. Shuka."

Watu waliokuwa wakipiga kelele na kaka yangu dakika moja kabla walianza kutazama miguu yao. Yule mama alimpapasa kuku wake. Ajang alinishika mkono tukashuka, akatoa pamba sikioni mwangu ili askari aone, na usaha ukateremka shingoni.

"Tazama, afande. Daktari anaondoka leo."

Askari aligeuza uso pembeni. "Sikio tu. Hakuna mtu amekufa kwa sababu ya sikio."

Ekai alishuka akaanza kugomba. Alisema wao wamesoma pamoja, alisema mtoto ni mgonjwa, akapandisha sauti, na askari mwingine, mnene, akatoka kwenye kibanda cha mabati akamwambia kama anataka kubaki atabaki ndani. Ajang akamsukuma Ekai kifuani arudi garini. "Nenda hospitali," alimwambia. "Waambie wamngoje Achol. Usitoke pale." Ekai akatazama mkono wake kama aliyetaka kupiga kitu, akapanda. Gari likaondoka na vumbi lake.

Yule mwenye jezi alimwonyesha Ajang mahali pa kukaa, chini, penye kivuli chembamba cha mti wa miiba. "Kaa hapo mpaka mkubwa aje. Ukicheza utafungwa, na mtarudishwa kwenu nyote."

Hapo ndipo nilipolia. Nilikuwa nimejikaza tangu asubuhi, lakini maneno yalikuwa yametoka yote, yale yale, utafungwa, mtarudishwa, na yamesemwa na mtu wa serikali mwenye kofia. Nilimvuta Ajang shati. "Mechi imekwisha?" niliuliza. "Tumeshindwa?"

Askari wawili walitazamana wakaangua kicheko. Yule mnene alijipiga paja. "Hata mtoto! Hata huyu hawazi hospitali, anawaza mechi!" Wakalichukua hilo kuwa ushahidi. Mimi ndiye niliyewapa, na sikujua nimewapa nini.

Ajang hakucheka. Alinigeuza nimtazame, akaniuliza polepole nilikuwa na maana gani, na nilipomweleza habari ya malori alifumba macho muda mrefu. "Hapana," alisema. "Ile ni michezo tu. Wakishindwa, wao ndio wanarudi kwao. Wanapanda ndege, wanakwenda kwa mama zao. Haituhusu."

"Haituhusu?"

"Haituhusu."

Jua lilipanda, kivuli kikatuhama, tukakifuata. Mkubwa hakuja. Malori yalipita, magari ya mashirika yalipita vioo vikiwa vimefungwa. Ajang aliomba maji, wakampa, nitasema kweli, kopo zima. Nami nilitaka kulimwaga. Mara tatu aliinuka kwenda kuwasihi, na mara tatu alirudi akakaa, akinyooka zaidi kila mara, kama mtu anayebeba kitu kichwani. Mtoto akiona mkubwa wake akinyenyekea hujifunza kitu asichopaswa kujifunza mapema. Nilijifunza siku ile.

Alasiri mechi ilianza. Askari waliegemeza simu kwenye dumu la maji, ndani ya kibanda, wakaisogelea vichwa vikiwa pamoja. Sisi tuligeukia barabara. Hatukuona lolote. Lakini mabati hayazuii sauti, na mtangazaji alikuwa anapiga kelele za Kiingereza, na nikaona mguu wa Ajang umeanza kutikisika. Alijua kila kitu. Kwa mguno wa askari alijua mpira umepotea; kwa kimya chao alijua wale wa visiwani wamepenya. Midomo yake ilikuwa inasema bila sauti: angusha, mwangushe, mwangushe. Nilimwangalia, na hasira yangu ikapata sehemu mbili, moja ya wale na moja yake. Ulisema haituhusu.

Raga ya wachezaji saba huisha upesi. Mwishoni kabisa kibanda kililipuka. Waliruka nje, wakakumbatiana, yule mnene akapiga magoti barabarani na kuinua mikono. Tulikuwa tumeshinda. Yule mwenye jezi alitujia akikimbia, machozi yakimtoka, pasi yetu ikiwa mkononi.

"Haya, nendeni! Leo ni siku njema, sitaki maneno na mtu. Winga ndiye amemaliza! Dakika ya mwisho!" Akainua kiganja juu kumgongesha Ajang, kama asubuhi.

Ajang alichukua pasi kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umenishika mimi.

"Kwani hukufurahi?" askari aliuliza, na nadhani alishangaa kwa dhati.

"Nimefurahi, afande," alisema Ajang. "Lakini si pamoja na wewe."

Nilingoja apigwe. Askari alishusha mkono tu, akaupangusa kwenye suruali, akasimamisha lori la mkaa na kumwamuru dereva atubebe.

Lodwar yote ilikuwa barabarani. Pikipiki zilipiga honi, wanawake walipiga vigelegele, na mtu tusiyemjua alimrukia Ajang shingoni na kumvika bendera mabegani, akamwita ndugu yangu. Ajang aliivua, akaikunja vizuri, akamrudishia. Tulikwenda kwa kasi, mimi nikiburutwa, mpaka lango la hospitali.

Ekai alikuwa amesimama palepale, nje ya lango, shati lake limechanika begani. Alituona akatikisa kichwa kabla hatujafika. Madaktari walikuwa wamekwisha ondoka kwenda uwanja wa ndege. Alikuwa amewaomba, alikuwa amelishika gari lao mlango, mlinzi akamvuta, ndiyo maana shati likachanika. Baada ya hapo alibaki tu, kwa sababu Ajang alikuwa amemwambia asitoke.

Tukakaa wote watatu kwenye ukingo wa saruji. Mji ulikuwa unaimba. Baada ya muda Ekai akauliza, kwa sauti ya aibu:

"Ilikuwaje?"

Katika mji ule mzima yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajui mechi ilivyokwenda. Na Ajang akamgeukia, akaanza kumsimulia. Mpira wa kuanzisha tulivyoudaka. Walivyopenya mara mbili. Winga alivyoburuta paja lake. Alieleza kana kwamba ameona yote, na sauti yake ikaanza kupanda, na mikono ikaanza kwenda, na Ekai akasogea karibu.

"Nyamazeni!" nilipiga kelele. Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti mtu mkubwa. "Nyamazeni wote! Ninyi ni wajinga!"

Ajang alinigeukia. Uso wake ulikuwa na chumvi ya jasho mpaka kwenye nyusi.

"Hata mimi nina hasira, Achol," alisema. "Wamenichukulia siku, wamekuchukulia daktari. Hiki peke yake ndicho nilichotoka nacho pale. Niache nikihadithie."

Akaendelea, na mimi nikalia mpaka akamaliza.

Madaktari wengine walikuja baada ya miezi mingi. Mmoja wao alinitazama na taa yake, akaandika, akasema nilipaswa kuletwa mapema. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akasema ndiyo daktari. Hakusema lingine, na hilo nalo silisamehe, ingawa sijui nimsamehe nani. Sikio la kushoto limekufa. Msiniambie kwamba michezo huunganisha watu. Niliona ilivyounganisha: mpaka mkono ulipoomba karatasi.

Ajang sasa yuko Juba, mji aliokuwa hajauona mpaka alipokuwa mtu mzima, anafundisha watoto kukimbia na mpira. Kila timu ya Kenya ikifika hatua ya mtoano hunipigia simu siku moja kabla. Ana wasiwasi, hajalala, kuna mchezaji ameumia, kocha amepanga vibaya, na wewe dada yangu unaonaje? Mimi humjibu kwamba sijui, aendelee. Kisha huihamishia simu upande wa kushoto, nikaishikilia pale, nikimwacha aseme mpaka amalize.